Vespa PX 150: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ubovu wake na namna ya kuutengeneza

Maswali haya huulizwa na watu wenye PX Unguja na Pemba, na wengine hunisimamisha njiani nikiwa juu ya yangu. Nimejibu kwa urefu pale ambapo kosa dogo huua injini, na kwa ufupi pale ambapo bisibisi inatosha. Jambo moja nakuomba kabla ya yote: usiguse skrubu ya kabureta mpaka umesoma jibu linalohusu sili, ile mipira inayozuia hewa isiingie kwenye injini (liko kwenye swali la moshi mwingi mweupe). Vespa nyingi nilizoziona zimekufa zilianzia hapo, mtu anakaza na kulegeza kabureta isiyo na kosa huku hewa ikiingia kwengine kabisa.

Nitajuaje kama yangu ni PX hasa?

Vua bati la ubavu wa kulia, lile linalofunika injini, usome herufi zilizogongwa kwenye bodi na kwenye injini. Zikianza na VLX ni 150. VNX ni 125, na VSX ni 200. Usitegemee maandishi ya nje, kwa sababu mabati ya vespa hubadilishwa kama mashuka.

Piaggio, kampuni ya Pontedera, Italia, iliitoa PX mwishoni mwa miaka ya 1970. Ikasimamisha kuitengeneza 2007, ikairudisha 2011, halafu sheria za moshi za Ulaya zikaimaliza tena. Vipuri havijakatika kwa sababu injini hii ilitengenezwa pia India, na LML ya Kanpur. Lakini angalia: LML za baadaye zina vali ya vipande vya chuma kwenye njia ya petroli, na krenki yake (mhimili unaozungushwa na pistoni) si sawa na ya PX, ambayo ndiyo inayofungua na kufunga mlango wa petroli yenyewe. Bajaj Chetak nayo ni ndugu, ila ni wa kizazi cha nyuma. Ukienda dukani, chukua kipuri cha zamani mkononi, uvipime vyote viwili mezani. Kusema tu "nipe cha vespa" ndiko kunakowafanya watu warudi dukani mara tatu.

Nichanganye oili kiasi gani kwenye petroli?

Asilimia mbili. Yaani mililita 20 kwa kila lita moja ya petroli, mililita 100 kwa lita 5, na tangi zima la lita 8 linataka mililita 160. Mimi hupima kwa bomba la sindano la famasi, lile kubwa la mililita 50, na hukaa ndani ya kisanduku cha mbele pamoja na plagi ya akiba.

Oili iwe ya injini za tu-stroku, iliyoandikwa 2T. Oili ya gari haifai hata kidogo: haiungui vizuri, inaacha masizi magumu juu ya pistoni.

Pale sheli, tia oili kwanza, petroli ifuate, ili mmiminiko wenyewe uikoroge. Ukiitia oili juu ya tangi lililojaa, inazama. Ni nzito kuliko petroli, na njia ya kwenda kabureta iko chini. Dakika tano za mwanzo injini inakunywa oili tupu na plagi inalowa, kisha inabaki petroli isiyo na oili ya kutosha. Nimeona silinda mbili zilizochanika kwa kosa hilo, na wenyewe wote wawili waliapa kwamba walitia oili. Kweli walitia.

Wengine huzidisha "kwa usalama". Hakuna usalama hapo. Kila oili inapozidi, petroli inapungua katika mchanganyiko huohuo, plagi inachafuka na ekzosi inaziba.

PX nyingine zina tangi la oili pembeni na pampu yake, na kidirisha kidogo cha kioo chini ya kiti kinachoonesha kiwango. Kama umeinunua mkononi mwa mtu na hujui kama pampu bado inafanya kazi, changanya kwenye tangi mpaka fundi athibitishe. Wapo walioikata pampu na kukiacha kidirisha pale pale.

Asubuhi haiwaki. Nianzie wapi?

Anzia kwenye plagi. Piga kiki mara tano na choki ikiwa imevutwa, kisha ifungue plagi uitazame.

Ikiwa kavu, petroli haifiki. Tazama bomba la petroli: je, liko kwenye akiba na akiba nayo imekwisha? Kisha fungua mfuniko wa kabureta, utaona pale mpira wa petroli unapoingia kuna kichujio kidogo cha wavu, si kikubwa kuliko kidole cha mwisho. Kinajaa kutu ya tangi. Kioshe. Ikiwa vespa imekaa wiki mbili tatu, hasa wakati wa masika, petroli hukauka ndani ya jeti (kitundu cha kabureta kinachopima petroli) na oili inabaki kama gundi. Jeti huoshwa kwa petroli na kupulizwa kwa upepo. Usiipitishe waya. Tundu la jeti limepimwa kwa sehemu za milimita, na waya wa breki ulioingizwa mara moja hulipanua milele.

Ikiwa imelowa, petroli imezidi. Funga bomba, rudisha choki, shika mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga kiki mara saba au nane bila plagi, ikaushe plagi na uirudishe.

Ikiwa haikulowa sana wala si kavu, tazama moto. Iweke plagi kwenye kofia yake, chuma chake kiguse kichwa cha silinda, mbali na tundu, upige kiki. Unataka cheche ya buluu inayolia. Cheche nyekundu dhaifu au hakuna kabisa: badilisha plagi kwanza, kofia ya plagi pili, halafu chomoa kwa muda waya wa kuzimia unaotoka kwenye ufunguo. Ufunguo ukiingia chumvi unaweza kuizima injini hata ukiwa umewasha.

Plagi ya 125 na 150 ni ya shingo fupi, kama NGK B7HS, mwanya milimita 0.6. Ile ya 200 ni ya shingo ndefu. Ukiitia ndefu kwenye 150, pistoni inaweza kuigonga.

Inawaka kiki moja ikiwa baridi. Baada ya dakika 20 inazima, ikipoa inawaka tena. Kabureta?

Si kabureta. Lakini kabla hujatumia pesa, fanya jaribio la bure: ikizima, fungua kifuniko cha tangi hapohapo. Ukisikia hewa ikivutwa na injini ikawaka, basi kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba, na sindano ya kushonea inatosha.

Kama haikusaidia, fungua plagi injini ikiwa bado ya moto na utazame cheche. Ikiwa hakuna cheche kwenye moto na kwenye baridi ipo, tatizo ni stata, ile sahani yenye koili iliyo nyuma ya magneti. Huu ndio ugonjwa wa kuzaliwa nao wa PX. Nyaya za stata zilivishwa mpira ambao kwa miaka na joto hukauka, ukiukunja unavunjika vipandevipande kama ganda la karanga, na shaba inabaki uchi. Injini ikipata moto nyaya zinalegea, zinagusana, moto unakatika.

Mwenye kipimo cha umeme anaweza kuthibitisha bila kufungua, kwenye PX za umeme wa kisasa zisizo na pointi. Chomoa nyaya tatu zinazoingia kwenye kisanduku cha moto. Kati ya nyeupe na kijani usome karibu omu 500. Kati ya nyeupe na nyekundu usome karibu omu 110. Pima ikiwa baridi, pima tena ikiwa ya moto. Namba inayoruka au kupotea ndiyo mgonjwa wako.

Kuitengeneza: ondoa feni na nati ya magneti, vuta magneti kwa pula yake. Nasisitiza pula. Nyundo hupasua sumaku na kupinda ncha ya krenki. Kabla ya kulegeza skrubu tatu za sahani, chora kwa msumari mstari unaovuka sahani na kizimba cha injini, ili urudishe muda wa moto ulipokuwa. Kisha badilisha nyaya zote, si ile iliyokatika tu, kwa waya unaostahimili joto na oili, na uzichomelee kwa risasi. Waya wa umeme wa nyumbani utayeyuka kabla ya Ramadhani ijayo.

Ukiwa hapo ndani, itazame sili ya krenki. Soma jibu linalofuata.

Moshi mwingi mweupe, na watu wa nyuma wanalalamika. Nipunguze oili ya petroli?

Usipunguze. Jiulize kwanza moshi unatoka kwenye oili ipi, kwa sababu PX ina oili mbili: ile ya petroli na ile ya gia boksi.

Krenki inazunguka ndani ya chumba kisichotakiwa kupitisha hewa. Kila upande wake una sili ya mpira: moja upande wa magneti, moja upande wa klachi. Kuzielewa sili hizi mbili ni nusu ya ufundi wote wa vespa, kwa sababu kila moja ikichoka huleta ugonjwa wake.

Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini inavuta oili ya gia boksi na kuiunguza. Moshi ni mzito, mweupe wa kuelekea buluu, haupungui hata injini ikipata moto, na plagi inatoka nyeusi yenye mafuta. Fungua skrubu ya kujazia oili, ile ya nyuma ya kizimba. Gia boksi inachukua mililita 250 tu. Ikiwa kiwango kinashuka na chini ya vespa hakuna tone lolote, oili imekwenda wapi? Imepita kwenye ekzosi. Mara nyingine inakuwa kinyume: petroli inasukumwa kuingia kwenye gia boksi. Chovya kijiti, kinuse. Oili ya gia haitakiwi kunuka petroli.

Sili ya upande wa magneti ikichoka, haivuti oili. Inavuta hewa tupu. Hii ndiyo ya hatari, kwa sababu haina moshi wa kukutahadharisha. Petroli inakuwa chache kwa hewa, injini inapata joto kupita kiasi, na siku moja unapanda kilima cha Chake pistoni inashika. Dalili zake: ukiachia mkono wa mafuta injini inachelewa kushuka, inapiga kelele juu kwa juu, asubuhi inataka choki muda mrefu, plagi inatoka nyeupe kama chokaa. Plagi nzuri ina rangi ya kahawa yenye maziwa.

Na hapa ndipo watu wanapoipeleka kwa mtu mwenye bisibisi. Injini inapiga kelele, anashusha skrubu ya juu ya kabureta, inazima, anaipandisha, anageuza ile ya petroli, anabadilisha jeti. Kila mguso unaficha ugonjwa kwa siku mbili.

Sasa gharama ya kazi. Sili ya magneti unaifikia kwa kutoa magneti na stata tu, ni kazi ya asubuhi moja. Sili ya klachi kwenye PX inataka injini ishushwe na ipasuliwe vipande viwili. Ukishaipasua, usirudishe sili, oringi wala gasketi yoyote ya zamani, na zungusha beringi zote kwa kidole. Inayokwaruza iondoke.

Nunua sili nzuri. Mara moja nilifunga sili kutoka duka moja la mjini, nyeusi, ngumu kuliko kawaida, na nilihisi ugumu huo kwa kidole nikanyamaza kwa sababu ilikuwa karibu na magharibi na mwenye chombo anasubiri. Baada ya miezi minne nikaipasua injini ileile tena, bure, na ukingo wa sili ulikuwa umekatika kama mkate mkavu. Sili nzuri ukiibonya inarudi taratibu, na mdomo wake una chemchemi nyembamba inayouzunguka. Ipake oili mdomoni kabla ya kuivalisha krenki.

Hewa inaweza kuingia kwengine zaidi ya sili?

Ndiyo. Kwenye gasketi ya chini ya silinda, na chini ya kabureta, ambako nati zake mbili hulegea kwa mtikisiko. Injini ikiwa inazunguka polepole, dondoshea maji ya sabuni kwenye maungio. Mlio ukibadilika, umepata mahali.

Injini imepiga kelele peke yake na ufunguo haukuizima. Nifanye nini ikitokea tena?

Hewa imezidi, injini ina joto kiasi cha kujiwasha yenyewe. Usiiangalie, kila sekunde inaikata. Vuta choki mpaka mwisho ili petroli iizamishe. Isipozima, bana breki zote mbili, tia gia ya 4, achia klachi. Itazima kwa nguvu. Kufunga bomba la petroli peke yake hakutoshi, kabureta bado imejaa. Na usiiwashe tena mpaka upate hewa ilikoingilia.

Imeshika njiani. Je, pistoni imekwisha?

Si lazima. Ikishika utasikia nguvu inapotea ghafla, kama mtu ameishika vespa nyuma, kisha mlio mwembamba, na gurudumu la nyuma linataka kukwama. Kamata klachi papo hapo. Tangu nijifunze, vidole vyangu viwili viko juu ya klachi kwenye kila safari ndefu.

Iache nusu saa ipoe yenyewe, usiimwagie maji. Kiki ikizunguka, nenda nyumbani polepole, kisha ufungue kichwa na silinda. Aluminiamu ya pistoni iliyojipaka kwenye ukuta wa silinda husafishwa, lakini mchano unaoushika kwa ukucha unataka silinda ichongwe na pistoni ya saizi ya juu.

Muhimu zaidi ni kwa nini ilishika. Oili haikutosha, au hewa iliingia, au jeti kuu imeziba (ya 150 huwa karibu namba 100), au upoozaji umekufa. Hili la mwisho watu hawalitazami. PX haipati upepo wa safari, inapozwa na feni ya magneti inayopuliza ndani ya kofia ya plastiki iliyozunguka silinda. Nimeona vespa zinazotembea bila kofia hiyo kwa sababu skrubu yake imepotea. Nimeona pia kofia ipo, lakini katikati ya mapezi ya silinda kuna tope la oili na vumbi jeupe la barabara za ndani limeganda kama saruji. Nilitoa tope hilo kwa bisibisi nyembamba, pezi moja moja, likajaa kopo la maziwa. Mwenyewe alikuwa amebadilisha pistoni mbili mwaka huohuo.

Naweza kuendesha bila kichujio cha hewa? Inakwenda zaidi.

Hapana, tafadhali. Kwenye PX krenki yenyewe ndiyo vali: ukingo wake unapita karibu mno na sakafu ya kizimba cha injini na kuufunga mlango wa petroli. Chembe moja ya mchanga ikipita hapo inachora mfereji, na mfereji huo uko kwenye kizimba, si kwenye kipuri cha kubadilisha. Baadaye utaona petroli inarudishwa nyuma, kisanduku cha kabureta kimelowa, na haitulii polepole tena. Kisiwa chetu ni mchanga na matumbawe. Osha kichujio kwa petroli, kikaushe, kirudishe.

Basi lini niiguse kabureta?

Sili zikiwa nzima, moto ukiwa mzuri na jeti zikiwa safi. Skrubu ya petroli iko nyuma ya kisanduku cha kabureta. Ikaze polepole mpaka ikae, bila nguvu, kisha ilegeze mzunguko mmoja na nusu. Ile ya juu ya mfuniko ni ya kasi ya injini ikiwa imesimama. Fanya injini ikiwa ya moto.

Gia ya 2 inaruka ninapopanda kilima.

Anza na nyaya mbili za gia. Chini ya injini zina vikazio vyake. Mkono ukiuweka kwenye 2 na gia ya ndani haijaingia sawasawa, meno yanashikana kwa ncha tu. Rekebisha mpaka alama za mkononi zilingane na gia za ndani, na mkono usiwe na mchezo mwingi.

Nyaya zikiwa sawa na bado inaruka, ni msalaba. Ndani ya gia boksi kuna kipande cha chuma chenye mikono minne kinachotelezeshwa kutoka gia hadi gia. Ncha zake zikilika zinakuwa mviringo badala ya pembe kali, na zikibebeshwa mzigo zinateleza. Kipuri ni kidogo, kinaingia kiganjani, lakini injini lazima ipasuliwe. Kwa hiyo msalaba na sili ya klachi vifanywe siku moja. Ukiendelea kuendesha na msalaba uliolika, unakula na gia zenyewe, na gia ni ghali.

Klachi inateleza. Au: klachi haikati, nikitia gia ya 1 inaruka mbele.

Isiyokata, kaza waya kwanza, uache mchezo wa milimita mbili hivi kwenye mkono. Kisha tazama oili: gia boksi ya PX inataka SAE 30 ya kawaida. Kuna wanaotia oili nzito ya difu ya lori, na klachi, ambayo inaogelea kwenye oili hiyohiyo, inagandana. Kama waya na oili ni sawa, ndani ya mfuniko wa klachi kuna kibonge cha shaba kinachosukuma. Huwa kimelika.

Inayoteleza ni sahani za kizibo zimekwisha au spring zimechoka. Hii unaifanya injini ikiwa juu ya vespa: ondoa gurudumu la nyuma, legeza waya, fungua mfuniko. Sahani mpya zilowekwe kwenye oili usiku mzima kabla ya kufungwa, zikifungwa kavu zinaungua siku ya kwanza. Nati ya klachi ina meno na ina spana yake maalumu. Ukifungua kizimba ukakuta meno ya nati yametafunwa kwa patasi, jua aliyepita kabla yako hakuihurumia. Chuma kile kilichong'oka kwenye nati kiko wapi sasa? Kimo kwenye gia. Spana ile inanunuliwa mara moja maishani.

Gurudumu la nyuma linapiga "tak" nikikamata breki.

Simama, usiende nayo nyumbani. Nati kubwa ya katikati imelegea na meno ya ekseli yanalika. Gurudumu linaweza kutoka. Ikazwe kwa nguvu kubwa, karibu nyutonimita 100, na iwekwe pini mpya. Ikiwa meno ya kitovu yamekwisha tayari, kukaza hakusaidii, kitovu kibadilishwe. Tabia njema: kila unapobadilisha breki shuu, irudie nati hiyo baada ya siku mbili.

Nimepata pancha. Nafungua nati zipi?

Nimeliweka swali hili peke yake kwa sababu linaumiza watu. Rimu ya PX ni mabati mawili yaliyounganishwa kwa nati zake, na kuna nati nyingine zinazoshika gurudumu zima kwenye kitovu. Zinafanana machoni.

Toa gurudumu zima kwanza, kwa kufungua zile nati za kitovu tu. Kisha chomoa sindano ya valvu na utoe upepo wote mpaka tairi ilegee kabisa. Hapo tu ndipo uguse nati zinazounganisha mabati mawili. Nilimkuta kijana kando ya njia ya Bububu ameshalegeza tatu, tairi limejaa upepo, na mpira wa ndani umeanza kutokeza kati ya mabati kama ulimi. Nilimshika mkono. Uso wake ulikuwa juu ya rimu kabisa. Tulitoa upepo, tukakaa chini muda mrefu bila kusema neno.

Upepo wa kawaida, kwa psi: mbele 18, nyuma 25, na ukibeba mtu nyuma tia 36. Gurudumu la akiba lijazwe 36 pia, kupunguza njiani ni rahisi kuliko kuongeza.

Balbu zinaungua kila wiki.

Regyuleta, kifaa kinachozuia umeme usizidi, imekufa, au waya wake wa kwenda kwenye bodi umeingia kutu. Ondoa skrubu yake, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi, rudisha. Mara nyingi hapo ndipo panapomaliza kazi, upepo wa bahari unakula maungio kabla ya kula kipuri. Taa kufifia injini ikiwa polepole ni kawaida kwa PX isiyo na betri.

Inavuta vizuri mpaka kilomita 50 kwa saa, haipandi tena. Haina moshi, haina kelele.

Piga ekzosi kwa mpini wa bisibisi. Ikilia kama ukuta badala ya debe, imejaa masizi. Itoe, ipashe moto nje ya nyumba mahali pasipo na petroli, masizi yaungue, kisha igonge na kuitikisa mpaka yatoke. Tazama pia tundu la silinda linapotokea moshi. Shusha pistoni mpaka chini kabla ya kukwangua, na ukwangue kwa kijiti cha mti, si kwa chuma.

Breki ya nyuma haishiki na tairi ina mafuta.

Sili ya kitovu inapitisha oili ya gia boksi. Ibadilishe pamoja na breki shuu. Shuu zilizokunywa oili hazioshiki, hata ukizichoma kwa petroli zitarudi kuteleza siku ya mvua.